Saa Isiyobadili Tarehe

Yantang, 12 Septemba 2006

Mdogo wangu Qiming,

Salamu zikufikie ukiwa mzima na mwenye hamu ya kula. Huku hatujambo, ila goti langu limeanza kulalamika tangu mvua zirudi, na zizi la nguruwe linavuja upande wa mto. Mpunga tumeshavuna. Nguruwe mkubwa anakula kama askari aliyetoka vitani. Kaburi la mama nimelipalilia, nikamwambia kwamba uko salama na unafanya kazi. Kazi gani, sikumwambia.

Usije ukaniuliza kwa nini sipigi simu. Simu ya dukani kwa akina Luo ni ya kijiji kizima. Nikianza neno pale, mke wa Luo analimalizia sokoni. Na hili si neno la sokoni.

Yaqin amechumbiwa. Najua ni binti yako na ilikupasa ujue kwanza, lakini mambo yalikwenda mbio. Kijana anaitwa Pu Changyou, kwao ni mjini karibu na reli, ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Babu yake alikuwa dereva wa treni. Mshenga ni Mama Tan, yule mwenye sauti. Walikuja na pombe, nyama ya kukaushwa kwa moshi, vitambaa, na saa ya mkono. Kijana mwenyewe alimvalisha Yaqin mbele yetu sote. Mama Tan akapaza sauti, "Ya Uswisi hiyo! Orijino! Imetoka Hong Kong!" Kijana akasema taratibu, "Mashine ya ndani ndiyo ya Uswisi." Mama Tan akamkanyaga mguu, nilimwona kwa macho yangu, akasema, "Nje na ndani, mwanangu, nje na ndani."

Sasa sikiliza. Saa ina kidirisha cha tarehe. Siku ile kilionyesha ishirini na tatu. Leo kinaonyesha ishirini na tatu. Mke wa Luo ameshaiona, ananiuliza mbele ya watu, "Dada Qihua, kwenu mwezi haufiki mwisho?"

Nimemlea mtoto huyu tangu mama yake afariki, hajaota hata meno. Sitamtoa kwa watu wanaoanza na uongo kwenye mkono wake. Wewe unashinda na saa hizo hizo. Niambie mtu anajuaje mashine ya kweli na ya kuigiza. Ikiwa ni feki, uchumba umekwisha, nitarudisha kila kitu, na pombe tuliyokunywa nitanunua nyingine.

Dada yako,
Qihua


Guangzhou, 3 Oktoba 2006

Dada yangu Qihua,

Nimepata barua yako na nimefurahi kusikia habari za nguruwe. Mimi ni mzima, ila mabega yamekuwa mbao na jicho la lenzi linatoa machozi kila jioni. Bosi Cai ametugawia keki za mwezi, zile za sikukuu ya vuli, moja kwa watu wawili. Mzee Fu, jirani yangu wa meza, alikata yetu kwa uangalifu mkubwa, kisha akala upande wenye kiini cha yai. Nilipomlalamikia akasema, "Wewe si mtaalamu wa kutambua? Umeshindwa kutambua yai?"

Habari ya Yaqin imenikalisha kitako. Namkumbuka akiwa na mikia miwili ya nywele. Ningependa aongeze mstari mmoja chini ya barua yako, hata wa salamu tu.

Umeuliza kitu ambacho hapa watu wazima hugombania mpaka wanarushiana vibano. Hapo zamani ilikuwa rahisi. Saa ya kuiga ilikuwa nzuri usoni na aibu tumboni: mashine nyepesi, inayopiga kelele kama njugu kwenye kopo. Sasa, dada, mambo yamebadilika kiasi kwamba siku nyingine naiweka kazi chini na kutazama tu. Wanachukua mashine ya Uswisi, wanaifumua yote, wanapima kila kipande, na wanakitengeneza upya hapahapa kwetu. Niliwahi kuziweka mbili kando kwa kando, ya kweli na nakala yake. Kwenye ile ya kweli kulikuwa na mkwaruzo mdogo ulioachwa na chombo cha kiwandani. Nakala nayo ilikuwa na mkwaruzo uleule, mahali palepale. Wameiga hata alichokosea Mswisi! Sikujua nicheke au nisimame kwa heshima.

Lakini tofauti zipo. Ukitia ufunguo, ya kweli inakwenda kama kidole kinachopita kwenye meno ya kitana kilichofunikwa hariri. Ya kuiga ina chembe ya mchanga mahali fulani. Vijiwe vyekundu vya ndani, vya kweli vimepauka kidogo kama ua la pichi, vya kuigiza ni vyekundu kama mchuzi wa pilipili. Ndani kuna gurudumu linalokwenda huku na huku, ndilo linaloipa saa mapigo, na chini yake huwa pamechongwa namba. Hiyo namba usiiamini hata kidogo. Tunaigonga sisi, pale dirishani, kuna dada mmoja wa Sichuan hafanyi kazi nyingine.

Usimruhusu mtu yeyote hapo kijijini aifungue kwa kisu cha jikoni. Nijibu haya kwanza. Usoni pameandikwaje, kuna maneno ya kigeni chini ya katikati? Ukiitikisa karibu na sikio, unasikia kitu kizito kikizunguka? Na Yaqin anaitia ufunguo, au inajiendea yenyewe?

Mdogo wako,
Qiming


Yantang, 29 Oktoba 2006

Qiming,

Salamu. Goti lilelile. Zizi nimelitengeneza mwenyewe, kwa kuwa mwanamume wa nyumba hii yuko Guangzhou akikodolea macho magurudumu.

Yaqin nilimpa kalamu. Aliishika, akasema hajui aanzie wapi, akaenda kuchota maji wakati mapipa yamejaa.

Saa haivui. Nilingoja mpaka alipoosha nywele, akaiweka dirishani, nikaichukua mbio kama mwizi nyumbani kwangu mwenyewe. Nimekuchorea maneno ya kigeni kwenye kikaratasi, tazama. Nimeitikisa sikioni mpaka mkono ukauma. Hakuna kinachozunguka, ni tiki tiki tu, tena ndogo, kama panya anayekula mchele chumba cha pili. Na ufunguo anatia kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Anatia polepole huku ametazama ukutani. Ukimsemesha hasikii.

Mama Tan nilimkuta njiani. Nikamwambia, "Mama, tarehe ya saa yenu imekufa." Akasema, "Dada, wewe umepewa mkwe mwenye mikono miwili na ufundi, unatazama tarehe? Kanunue kalenda!" Kila aliyekuwapo alicheka. Na mimi nilicheka, lakini nilipofika nyumbani sikuwa nacheka.

Kijana anakuja kila siku ya soko. Anamsaidia Yaqin kubeba kuni. Wiki iliyopita alitengeneza pampu yetu na hakutaka hata chai. Mtu anayejipendekeza hivyo anaficha kitu. Nijibu upesi.

Qihua


Guangzhou, 20 Novemba 2006

Dada,

Natumaini goti limepata nafuu. Hapa tumehamishwa ghorofa ya juu zaidi, chini ya paa, kwa sababu wakaguzi walipita mtaani. Tumebeba meza mgongoni kama mchwa. Nimechoka mpaka ulimi, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi.

Kikaratasi nimekiona. Maneno uliyochora yanasema kwamba saa hiyo inajitia ufunguo yenyewe mtu anapotembea. Saa ya namna hiyo lazima iwe na kipande kizito cha kuzunguka, na lazima kisikike. Hii haina. Usoni inajisifu kwamba inajitia yenyewe, kumbe inatiwa kwa mkono. Ina kidirisha cha tarehe, na tarehe haisogei. Dada, hiyo hata si feki nzuri. Sisi tunaziita saa za kituoni, zile zinazouzwa na watu wanaotembea na koti lililofunguliwa upande mmoja. Hata mimi naona aibu kuzigusa, na mimi ndiye ninayeishi kwa vitu hivi.

Usihangaike kuifungua, ndani hamna cha kutazama.

Kijana aliyemvalisha binti yangu kitu hicho na kusema ni cha Uswisi ama ni mwongo ama ni mjinga, na sijui lipi baya zaidi. Fanya ulivyosema. Mwambie Yaqin ni mimi nimesema, asikukasirikie wewe.

Qiming


Yantang, 4 Januari 2007

Mdogo wangu,

Nimechelewa kuandika. Baridi imekuwa kali, maji yameganda kwenye ndoo, na nilikuwa sina la kusema.

Nilifanya. Nilikwenda kwao na Mama Tan akiwa nyuma yangu akilia kama mfiwa. Nilirudisha pombe, nyama, vitambaa. Mama yake Changyou ni mwanamke mrefu, hakunikaribisha kukaa. Alipokea vyote, kimoja kimoja. Nilipotoa saa akarudisha mikono nyuma. Akasema, "Hiyo aliyevalishwa ataivua mwenyewe, ataileta kwa mkono wake. Wewe hukuvalishwa chochote hapa." Kijana alisimama mlangoni akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Nilimwambia kwamba baba yake Yaqin anafanya kazi ya saa Guangzhou na amesema ni feki. Akaniuliza jambo moja tu: "Ameifungua?" Nikasema hakuwa na haja. Akainamisha kichwa, akarudi ndani.

Yaqin hakulia. Heri angelia. Anafanya kazi zote, anapika, ananisugua goti, ila hasemi. Nilipomwambia ni baba yake aliyeamua, alinitazama, akasema, "Baba hajaiona."

Basi nimeona aibu kidogo. Ou Dashun, kijana wa hapa kijijini, anarudi huko kiwandani kwake Guangzhou, nimempa saa hii, imeshonwa ndani ya bitana ya koti lake. Yaqin ndiye aliyeishona. Ifungue utuandikie ulichokiona, nimwonyeshe, jambo hili liishe na nyumba yangu irudi kama zamani.

Dada yako


Guangzhou, 27 Januari 2007

Dada yangu Qihua, na wewe Yaqin mwanangu, maana najua utasomewa,

Sijui nianze vipi. Salamu kwanza. Mimi ni mzima. Ou Dashun alifika salama na koti lake.

Nilifungua bitana kwenye meza yangu ya kazi wakati wa chakula cha mchana. Mzee Fu alichungulia akiwa na bakuli la tambi mkononi, akasema, "Unaleta takataka za kituoni mezani? Bosi atasema tumeshuka daraja." Nikamwambia ni ya binti yangu, akasogea karibu. Ganda la saa ni kama nilivyosema: chuma chepesi, maandishi ya uongo, kioo cha kukwaruzika. Nilikuwa na kiburi, nakwambia ukweli. Nilizungusha mfuniko wa nyuma huku nikitunga kichwani maneno ya kukuandikia.

Mfuniko ukatoka. Jambo la kwanza niliona pete nene ya plastiki nyeupe, ambayo huwekwa mashine inapokuwa ndogo kuliko ganda. Na katikati ya ile pete, dada, palikuwa na kitu ambacho nimekishika kwa mikono yangu mara chache mno katika maisha haya.

Ni mashine ya zamani. Rangi yake ni ya shaba iliyokolea, kama ngozi ya bata wa kuchoma. Inanizidi umri. Vijiwe vyake vimepauka, kila kimoja kimekaa kwenye tundu lake kama kilizaliwa humo. Mzee Fu aliweka bakuli chini. Alisema, "Usipumulie hapo." Tuliita wengine bila kuita, yule dada wa Sichuan aliacha nyundo yake ya namba akaja. Namba zipo, zimechongwa ndogo, bila majivuno, mahali usipopaona mpaka uinamishe mashine kwenye mwanga.

Nikaifungua zaidi. Dada, feki tunaipamba pale mteja anapotazama. Tunapiga michirizi mizuri upande wa nyuma, kwa sababu siku hizi watu wanapenda kioo nyuma. Upande wa chini ya uso wa saa tunauacha kama ulivyotoka kwenye mashine ya kukata, nani ataona? Niling'oa uso. Chini yake, mahali ambapo hata mwenye saa hatafika mpaka kufa kwake, kila ukingo umepigwa msasa na kung'arishwa. Nilitazama meno ya gia ndogo kabisa, ile nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Kati ya jino na jino, ndani kule, pameng'arishwa. Mtu fulani, mahali fulani kwenye milima yao ya theluji, mimi sijazaliwa, alikaa chini akang'arisha kitu ambacho hakuna atakayekiona isipokuwa fundi mwingine. Nilijikuta nimevua kofia.

Bosi Cai alikuja kutukemea kwa kuacha kazi. Yeye ni mtu wa Chaoshan, haishiwi maneno. Alichukua lenzi yangu. Alitazama mpaka tambi za mzee Fu zikapoa. Mwishowe aliiweka kwenye kipimo cha mapigo, ile mashine inayosikiliza saa na kuchora mstari. Mafuta yake yalikuwa yamekauka, lakini mstari ulitoka umenyooka. Akasema, "Aliyefanya hivi amekufa siku nyingi, na bado anatukosoa." Kisha, "Irudishe kwa mwenyewe kabla sijabadili mawazo."

Sasa kuhusu tarehe. Tarehe haisogei kwa sababu hakuna cha kuisogeza. Mashine hii haikujengwa kwa tarehe. Ganda la duka lilikuja na kidirisha, na chini ya kidirisha mtu amebandika kipande cha kalenda, kimekatwa kwa mkasi mdogo na kugandishwa kwa uji wa wali. Yaqin, wewe peke yako utajua kwa nini alichagua ishirini na tatu, maana kalenda ina namba nyingi.

Nadhani ilikuwa hivi: saa ya babu yake, yule dereva, ganda liliharibika kwa jasho na moshi wa makaa. Kijana hakutaka kukuvalisha kutu. Akatafuta ganda jipya sokoni. Alisema mashine ya ndani ndiyo ya Uswisi. Alisema kweli kamili, neno kwa neno, na akakanyagwa mguu.

Mimi ndiye niliyekosea. Nimeona feki nyingi kiasi kwamba nikiambiwa dalili siangalii tena, nahukumu. Saa mbovu nje, kwetu hapa, huwa mbovu zaidi ndani. Haijawahi kunipitia akilini kwamba kuna mtu angefanya kinyume, achukue kitu cha kweli akiweke ndani ya cha uongo. Hapa hakuna anayefanya hivyo. Ingekuwa ni wazimu.

Nimeisafisha na kuitia mafuta, sijabadilisha hata skrubu moja. Kipande cha kalenda nimekirudisha palepale, kwa uji wa wali.

Dada, nenda kwao. Najua ni kazi nzito. Waambie ni mimi. Na nikuulize, usinikasirikie: uliniuliza kuhusu saa, nami nikajibu kuhusu saa. Kijana anayetengeneza pampu na kukataa chai, mbona hatukuulizana habari zake?

Tiketi za treni za mwaka mpya wetu wa Februari zimekwisha, watu wamelala kituoni kuzingoja. Sitaweza kuja.

Qiming


Yantang, 9 Machi 2007

Mdogo wangu,

Mwaka mpya umepita salama. Nguruwe tulimchinja, nyama yako imening'inia kwenye moshi. Pampu inafanya kazi.

Barua yako nilimsomea Yaqin mpaka mwisho. Nilipofika kwenye kipande cha kalenda alificha uso kwenye aproni. Nikamuuliza, ishirini na tatu ni nini? Akasema ni siku moja ya soko, mvua ilikuwa kubwa, na mtu alimtengenezea mwavuli. Zaidi ya hapo hakusema, ila alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, nami nilikuwa sijasikia sauti yake kwa muda mrefu hata nikasahau kumkemea.

Nilikwenda kwao. Mama Pu alikuwa anapepeta mchele uani. "Karibu, karibu! Leo umekuja na mpimaji wa Guangzhou au peke yako?" Nikasema peke yangu. "Na mimi utanipima? Tazama meno yangu, mawili ni feki." Niliyavumilia yote, Qiming. Nilimwambia, mama, tulikosea, kakangu mdogo ameifungua na amevua kofia. Hapo aliacha kupepeta. Akasema ile ilikuwa ya baba mkwe wake, na kwamba alimkataza Changyou asiitoe nyumbani, na Changyou akasema anayempelekea ataijua tu. Kisha akaniambia mwanawe hayupo. Aliondoka kabla ya sikukuu. Yuko Foshan kwenye kiwanda cha vigae. Alisema hawezi kupita kila siku mbele ya watu wanaomwita mwongo.

Nikamuuliza kama bado upo uwezekano. Akasema, "Nilishakwambia. Aliyevalishwa ndiye atakayeipeleka. Akitaka arudishe, akitaka avae, wamalizane wenyewe. Mimi nina mchele wangu."

Basi Yaqin anakuja kwako kuchukua saa yake. Dashun amempatia tiketi, atafika tarehe ishirini na moja asubuhi. Nimemchemshia mayai na nimempa nyama ya moshi, nusu ni yako. Anwani ya Foshan ameiandika mkononi na kwenye karatasi, haniamini wala haiamini karatasi.

Kuhusu ulichoniuliza mwishoni, sitajibu kwa barua. Nitakwambia tu kwamba jana nilifagia chumba chake ingawa hajaondoka bado, na nyumba hii ni pana. Sikuwahi kuona ilivyo pana.

Msubiri kituoni. Usichelewe kwa ajili ya bosi.

Dada yako,
Qihua


Guangzhou, 2 Aprili 2007

Dada yangu mpenzi,

Nyama nimeila pamoja na mzee Fu, na safari hii mimi ndiye niliyekata. Goti lako nimelinunulia plasta za dawa, zimo kwenye bahasha.

Nilikuwa kituoni mapema. Watu walitoka kama maji ya mfereji. Nilisimama kwenye nguzo nikitazama kila uso, nikatembea mpaka mwisho wa uzio nikarudi, nikatembea tena. Mwanamke mmoja mwenye koti jekundu alikuwa amekaa juu ya begi lake, nilimzunguka ili nione vizuri nyuma yake. Akasema, "Baba, umenipita mara mbili." Nilikuwa namtafuta mtoto, dada. Alipoinuka alikuwa analingana nami kimo. Yeye ndiye aliyeshika mkono wangu, akasema, "Una mikono ya baridi kama ya shangazi."

Bosi aliniruhusu nimpandishe juu. Nilimweka kwenye kiti changu, nikamvalisha lenzi, nikamfungulia mfuniko. Lile gurudumu lilikuwa linakwenda huku na huku. Akasema, "Kumbe kweli inapumua. Changyou aliniambia kuna kitu kinapumua ndani, nikadhani ananitongoza." Mzee Fu alicheka hadi akadondosha skrubu, na nusu ya karakana ikatambaa sakafuni kuitafuta.

Foshan tulikwenda pamoja kwa basi. Hakuivaa. Aliishika kwenye kiganja safari nzima. Tulifika wakati wafanyakazi wa vigae wanatoka kula, weupe wote kwa vumbi, kila mtu na kopo lake la wali. Nilibaki ng'ambo ya barabara kama tulivyokubaliana. Nilimwona akisimama mbele ya kijana mmoja ambaye nisingeweza kumtofautisha na wenzake. Walisemezana kidogo. Yaqin alinyoosha mkono wenye saa. Kijana hakuipokea. Alitikisa kichwa, akasema kitu, na Yaqin akageuka akanyoosha kidole kwangu.

Nilivuka barabara. Miguu ilikuwa mizito kuliko siku tuliyobeba zile meza. Wenzake walikuwa wamesimama na makopo yao wakisikiliza, hakuna aliyejifanya hasikilizi. Kijana alisema, "Mzee, wewe ulisema ni feki."

Nikasema, "Nilisema. Nilikosea. Sikuwa nimeifungua."

"Na sasa?"

"Nimeifungua."

Alinitazama machoni kwa mara ya kwanza. "Umefika mpaka chini ya uso?"

"Mpaka chini ya uso. Nimeona kingo zake."

"Na ile gia ndogo? Kati ya meno?"

"Nimeona," nikasema, mbele ya watu wote wale. "Sijawahi kuona nyingine kama hiyo."

Vumbi la usoni lilipasuka akaanza kucheka. Akasema alipoiona mara ya kwanza, babu yake alipomfungulia, alidhani vitu vyote duniani vina ndani kama ile, na tangu hapo anafungua mashine kila siku bado anatafuta. Nikamwambia habari ya kipimo, jinsi mstari ulivyotoka. Akauliza ulipinda kiasi gani saa ikilazwa upande wa kushoto. Akauliza nimetumia mafuta gani kwenye vijiwe. Nikamwambia. Akabisha. Mimi nikabisha. Aliweka wali wake juu ya ukuta akanichorea kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa lori, nami nikamfutia nikachora yangu. King'ora cha kurudi kazini kililia, hakuna kati yetu aliyekisikia.

Yaqin alikuwa amesimama palepale, mkono bado umenyooshwa. Akasema kwa sauti ile ya kwako, ya kuita nguruwe, "Basi oaneni nyinyi wawili! Mimi nirudi Yantang?"

Kiwanda kizima kilicheka. Kijana akawa mwekundu chini ya ule weupe. Aliichukua saa, akaitia ufunguo, polepole, huku akitazama ukuta, akamvalisha.

Amekatwa mshahara wa nusu siku kwa kuchelewa na anasema hajali. Tumepatana wataoana mpunga ukishavunwa, hapo Yantang, uani kwako, na Mama Tan aalikwe lakini asipewe nafasi ya kusema. Yaqin ameomba nikuandikie kwamba mji wa akina Pu hauko mbali na kwamba chumba chake usikigeuze kuwa ghala la mahindi, atakuwa anakuja kila siku ya soko. Hapa chini ameongeza mstari wake mwenyewe, tazama mwandiko wake. Nami nitakuwapo. Tiketi nitaitafuta tangu sasa, hata kama ni ya kusimama.

Mdogo wako,
Qiming

Shangazi, fagia uani, usifagie chumba. Yaqin.